"Dada, Mungu si kiziwi"

Hayo niliambiwa mlangoni mwa kanisa Jumapili ya wiki iliyopita, na mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole kabisa. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku nikaenda ibadani moja kwa moja. Mama amelazwa huko nyumbani, nami niko huku ughaibuni, karatasi zangu haziniruhusu kusafiri. Basi nikaomba kwa sauti, mikono juu, machozi yakinitoka. Watu wakageuka kunitazama.

Niliumia jamani. Zamu za usiku nimezizoea, upweke nimeuzoea, lakini kukosolewa nikiwa mbele za Mungu wangu, hapana. Nikamwandikia yule mzee ujumbe mrefu. Nikamwekea Zaburi ya 47, inayotuagiza kupiga makofi na kushangilia. Nikamwekea Daudi aliyecheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, na mkewe Mikali aliyemdharau akimchungulia dirishani. Nikataka kumalizia na Hana, yule mwanamke aliyemlilia Mungu apate mtoto. Nikafungua 1 Samweli 1 ili ninukuu vizuri, nikakwama hapohapo.

Miaka yote nimemtaja Hana kama mtetezi wetu sisi tunaolia kanisani. Kumbe midomo yake ilicheza tu, sauti haikusikika! Kuhani Eli alimdhania amelewa kwa sababu aliomba kimya. Daudi alidharauliwa kwa kucheza, Hana akashukiwa kwa kunyamaza. Na Hana hakumrushia kuhani maneno. Alimwita bwana wangu, akakana ulevi, akasema ana huzuni na amemimina roho yake mbele za Bwana. Eli akambariki palepale.

Ujumbe nikaufuta.

Maana mimi nami nimewahukumu. Nimewaambia wengi huko nyumbani kwamba Wakristo wa huku wamepoa, wamekufa kiroho. Benchi la mbele yangu huketi bibi mmoja ambaye sijawahi kumsikia hata akisema amina. Jana nilimtazama vizuri. Ana kijitabu kilicholegea jalada, kimejaa majina kwa penseli. Wakati wa ukimya huweka kidole kwenye jina moja, hufumba macho, kisha hushuka kwa linalofuata. Kidole kinatetemeka. Alipofika mwisho wa ukurasa akafunua mwingine.

Na ninyi mnaojiandaa kuja, sikieni. Msihame kanisa kwa neno la mtu mmoja, na msiache kusali kwa sababu ya zamu. Ukikaa Jumapili tatu bila ibada, ya nne hutaikumbuka, nimeyaona kwa wenzangu. Wala msijigeuze ili mpendeze. Shangazi aliposikia nasali na watu wakimya alinitumia ujumbe wa sauti kwamba nimepoteza moto. Nilimjibu kwa heshima kwamba moto bado ninao, na mikono bado nainyanyua. Warumi 14 inauliza wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine, na swali hilo linamhusu shangazi, linamhusu yule mzee, linanihusu na mimi.

Jana baada ya ibada nilimfuata mzee. Nikamwambia, "Baba, sikutaka kumsumbua mtu. Mama yangu anaumwa na siwezi kwenda kumwona. Kwetu tukizidiwa tunalia kwa sauti." Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani hakunielewa. Kisha akamwita yule bibi, akaniuliza jina la mama linaandikwaje. Nikalitaja herufi kwa herufi, bibi akiliandika.