Kijana wa benchi

Nilipofika Columbus, Ohio, kule Marekani, futiboli ya Kimarekani niliiona vurugu tu: watu wanapigana vikumbo, wanasimama, wanaanza upya. Jirani yangu, mzee shabiki kindakindaki wa timu ya chuo kikuu cha Ohio State, ndiye alinifungua macho. "Mtazame kwotabeki tu, huyo ndiye anaamua mpira uende wapi."

Kisha akanisimulia habari za kwotabeki Joe Burrow. Miaka 3 pale Ohio State, hakuanza hata mechi moja! Mwaka 2018 akafunga virago kwenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Msimu wa 2019 wakashinda mechi zote 15, yeye akarusha pasi 60 za tachidauni, yaani za kufunga, na kubeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Fainali ya vyuo wakaichapa timu ya Clemson 42-25. Mzee husimulia akitikisa kichwa, kama mtu aliyeuza shamba kumbe chini kuna dhahabu 😂

Mimi kilichonigusa ni hotuba yake ya Heisman. Alilia akiwataja watoto wa kwao, Athens, Ohio, wanaotoka shule na njaa na nyumbani chakula hakitoshi. Michango ikamiminika kwenye ghala la chakula la huko, zaidi ya dola 500,000. Jana usiku nimeirudia tena hiyo hotuba, chai ikapoa mkononi.