Apdeti zije kwa saa yangu: laptopu ya nyumbani, bando na majina ya wanakikundi

Huku Uyole, Mbeya, intaneti ya nyumbani kwa wengi wetu ni simu. Unanunua bando, unawasha hotispoti, laptopu inaunganika, unamaliza shughuli, unazima. Waliotengeneza mifumo ya kompyuta waliwaza nyumba ya namna nyingine, yenye waya wa intaneti unaolipiwa kwa mwezi, ambako mashine ikiamua kushusha giga 2 za apdeti, yaani marekebisho ya mfumo, saa 8 mchana hakuna anayeshtuka. Kwangu giga 2 ni hela iliyotoka kwenye pochi asubuhi, na imetoka kwa kazi maalumu.

Kazi yenyewe ni ukatibu. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa, wengi wetu wakulima na wachuuzi wa viazi, na vijana wachache wa bodaboda. Kwenye laptopu yangu kuna hesabu za hisa, orodha ya mikopo na marejesho, namba za simu, na picha za vitambulisho vya NIDA vya wakopaji na wadhamini wao. Jioni moja nikiwa natuma taarifa ya mwezi, bando likaisha kabla taarifa haijatoka, na mimi sijafungua hata video moja. Nilipomweleza mwenyekiti wetu kwa nini taarifa imechelewa, yule mama hakuuliza habari za bando. Aliuliza hivi: "Katibu mwanangu, kama hiyo mashine inajifanyia mambo yenyewe, majina yetu na madeni yetu inampelekea nani?"

Swali la haki kabisa. Nikamwomba anipe muda.

Nilianza na kujua anayekula bando. Kwenye Windows 10, ndani ya mipangilio ya mtandao, kuna ukurasa unaoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Wengi hawaufungui kamwe, wanabaki kulaumu mtandao wa simu. Nilitegemea kukuta apdeti za mfumo zikiongoza. Zilikuwepo, ila juu yake ilikaa programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ile inayokuja na kompyuta na kuuliza siku ya kwanza kama ungependa mafaili yako yawe salama. Nani atakataa usalama? Basi folda nzima ya nyaraka, pamoja na vitambulisho vya watu, ilikuwa inapakiwa kwenye seva za nje ya nchi kila nilipowasha hotispoti. Bando na swali la mwenyekiti vikapata jibu moja.

Kuitoa programu ya namna hiyo kunataka utulivu. Baadhi ya mafaili unayoyaona kwenye folda huwa hayapo kwenye diski yako. Yana alama ya wingu pembeni, maana yake kilichopo kwako ni jina tu, na faili lenyewe liko kule. Ukikata uhusiano kabla ya kuyashusha, unabaki na majina. Kwa hiyo kwanza niliyashusha yote, nikayanakili kwenye diski ya nje, nikayafungua moja moja kuhakikisha yanasomeka. Ndipo nikaitenganisha akaunti, nikaingia kule mtandaoni kwa kivinjari na kufuta nakala, kisha nikafuta tena kwenye pipa la taka la kule.

Nikiwa kwenye orodha ya programu nikakuta nyingine ambayo sikuiweka: ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Fundi mmoja wa mjini aliyenitengenezea mashine aliitumia kunisaidia kisha akaiacha humo, imewekwa ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapowaka. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Ila anayehofia kampuni za Marekani huku ameacha funguo kwa fundi anahofia mbali mno. Niliiondoa siku ileile.

Sasa apdeti zenyewe. Ukiuliza vijana watakuambia uizime kabisa huduma ya apdeti, na video za kufundisha hivyo ziko tele. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai malipo, kwenye nchi zaidi ya 100, hospitali za Uingereza zikiwemo. Dawa ilikuwa imetoka karibu miezi miwili nyuma. Waliopigwa walikuwa hawajaiweka. Hesabu za akina mama waliokopeshana mtaji wa mbegu ya viazi siwezi kuziacha wazi namna hiyo kwa sababu ya kubana MB.

Nilichotaka ni apdeti zije, ila kwa saa yangu.

Kitufe kinachofanya kazi hiyo kimo kwenye sifa za mtandao uliounganika, kinauliza kama muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Ukikubali, Windows huacha kushusha sehemu kubwa ya apdeti zake yenyewe. Hungoja uziruhusu, isipokuwa chache zinazohesabiwa kuwa za dharura. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mpangilio huo unashikamana na jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotispoti, au ukitumia simu ya mdogo wako siku moja, kompyuta inaona mtandao mgeni na inarudi kula bila kipimo. Tena ukiunganisha simu kwa waya wa USB, kompyuta inaihesabu kama mtandao wa waya, nako lazima ukakubali upya. Nilipitia simu zote za nyumbani, kwa waya na bila waya, nikaziwekea.

Nikazima pia kipengele kinachoruhusu kompyuta kuwagawia wengine vipande vya apdeti ilizoshusha. Nia yake ni njema kwenye ofisi yenye mashine 40 na intaneti moja. Kwangu ni kugawa bando la watu wa Uyole kwa watu nisiowajua.

Ratiba nayo inajulikana, haifichwi. Apdeti za usalama za Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa 2 usiku, au saa 3 wakati wao wamerudisha saa nyuma, yaani muda uleule ninaowasha hotispoti baada ya chakula. Nilikuwa naziacha siku kadhaa zipite, nione kama kuna walioharibikiwa, kisha Jumamosi naweka bando la usiku, nachaji betri mpaka ijae, naiacha mashine ishushe nikiwa nimelala. Betri si jambo dogo. Masika radi zikianza kwenye milima ya huku na umeme ukakatika katikati ya apdeti, kompyuta ya mezani isiyo na kitunza umeme inaweza isiwake tena. Uzuri mwingine ni kwamba apdeti ya mwezi huu hubeba na za nyuma, hivyo ukiruka mwezi hudaiwi mbili. Kuahirisha kunaruhusiwa hadi siku 35, baada ya hapo lazima uzipokee ndipo uahirishe tena.

Bado swali la mwenyekiti. Programu ya mafaili niliitoa, lakini Windows yenyewe hutuma taarifa za uchunguzi kwa kampuni: aina ya mashine, programu zilizomo, hitilafu zilizotokea. Kwenye toleo la nyumbani huwezi kuzima zote. Unachagua kati ya zile za lazima na zile za hiari. Za hiari ndizo zilizonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Kampuni yenyewe imeandika kwamba programu ikianguka ghafla, nakala ya vilivyokuwemo kwenye kumbukumbu ya kompyuta inayotumwa inaweza, bila kukusudiwa, kubeba vipande vya faili ulilokuwa umelifungua. Faili ninalolifungua mimi lina madeni ya majirani zangu. Nikabakiza za lazima tu, nikabonyeza kufuta zilizokwisha kutumwa, nikazima namba ya matangazo (ile ya kukutambua ili uletewe matangazo), historia ya shughuli, na mahali nilipo.

Wala si woga wa kijijini. Julai 2016 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, CNIL, ilitangaza kuwa imeiandikia Microsoft rasmi kwamba Windows 10 inakusanya kupita kiasi, na ilifunga shauri Juni 2017 baada ya kampuni kupunguza. Sisi nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Niliposoma kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi lengo hilo, niligundua tunatunza nakala za vitambulisho vya watu waliokwisha kulipa na kuondoka kikundini. Nilipeleka suala hilo mkutanoni, wakakubali tuzifute. Mzee mmoja alitaka yake ifutwe mbele ya macho yake. Nikageuza skrini, akaona, akasema "ndaga", yaani asante, akakaa.

Kisha ikaja tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ikafika mwisho wa apdeti za kawaida. Laptopu yangu ni ya mtumba, prosesa yake ya kizazi cha sita, na Windows 11 haiitaki. Ipo nyongeza ya mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ila angalia masharti: njia ya bure inataka uingie kwa akaunti ya kampuni na uruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye seva zao. Unaweza badala yake kulipa dola 30, na hata hapo kujiandikisha kunataka akaunti. Yaani baada ya kazi yote ile ya kujitoa, usalama wa mwaka mmoja unauzwa kwa kurudi kulekule. Sikuona sababu ya kurudi.

Binamu yangu anasoma chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga, na intaneti anayo. Alinishushia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi liitwalo Xfce, kama giga 3, akaniletea kwenye flashi. Nililinganisha ile namba ndefu ya uhakiki iliyo kwenye tovuti yao na ya faili nililoletewa, kwa sababu flashi ya mwanafunzi hupita mikono mingi. Mint unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu kabla ya kugusa diski. Nilijaribu sauti, hotispoti, printa na hesabu zetu ndani ya LibreOffice, programu ya bure ya nyaraka na mahesabu. Fomula chache zilihitaji kurekebishwa. Ndipo nikaisimika, na wakati wa kusimika nikachagua diski nzima ifungwe kwa paswedi, ili mwizi akiibeba laptopu abebe chuma tu.

Paswedi hiyo ukiisahau hakuna fundi wa kukuokoa. Kikundi chetu kina sanduku la fedha lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Paswedi iko humo, kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi. Nikiugua au nikihama, wanafungua wote watatu.

Apdeti za Mint ndizo nilizokuwa nazitafuta muda wote. Kingao kidogo pembeni ya skrini kinakuambia zipo, unafungua, unaona orodha na ukubwa wa kila moja kwa MB, unaweka tiki kwenye unazotaka. Kivinjari nakipa kipaumbele, kwa sababu hicho ndicho kinachotoka nje kila siku. Kiini cha mfumo kinaweza kupita MB 100 peke yake, hicho nakisubirisha bando la usiku. Usipogusa, hakuna kinachoshuka zaidi ya ile orodha yenyewe.

Laptopu ya dada yangu imebaki na Windows, kwa kuwa programu ya mahesabu ya duka lake haikubali kwingine. Yeye amechukua ule mwaka wa nyongeza kwa akaunti yake. Dukani hakuna vitambulisho vya watu, na uamuzi ni wake.

Kwangu tatizo lililobaki ni skana. Ni ya zamani na Mint haijaitambua mpaka leo. Kitambulisho kipya kikija napiga picha kwa simu ambayo nimeizima kupeleka picha mtandaoni, naihamisha kwenye laptopu kwa waya, kisha naifuta kwenye simu, pamoja na kwenye lile pipa la picha zilizofutwa, maana humo huendelea kukaa wiki kadhaa.