Usiku wa Sitari Kiponda

Boti ilichelewa kutoka Mkoani, na tulipofika mkondo wa Nungwi abiria wakanyamaza. Tangu meli ya Spice Islander izame Septemba 2011, sisi Wapemba hapo huwa hatuna maneno mengi. Nilikipakata kisanduku cha fidla mpaka tukaingia Malindi.

Fidla nilikuwa naipeleka kwa fundi tu. Lakini rafiki yangu mpiga ngoma ya dumbaki alishanipigia simu: "Ukija, usirudi kabla ya Jumamosi. Kuna wageni kutoka India watapiga muziki wao wa asili nyumbani kwa watu, Kiponda. Na chakula kipo." Mama mdogo, ambaye ndiye hunipokea Michenzani, akasikia la chakula. Nilipotoka kuoga nikamkuta keshavaa buibui.

Baada ya sala ya isha tukapanda ngazi za mbao, zimesimama wima kama za kupandia mnazi. Viatu tukaviacha chini. Chumbani kulikuwa na bembea kubwa ya mbao iliyosogezwa ukutani, majamvi, mito, na watu kama thelathini tumebanana magoti. Hapakuwa na jukwaa wala spika. Kwa Kihindi kikao cha namna hii huitwa baithak, na maana yake ni kuketi tu. Sisi tungesema baraza.

Mpiga tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, mzee mwembamba, alianza na nyundo. Ile ngoma ndogo ya mti, ya mkono wa kulia, ina vigongo vilivyopachikwa kwenye kamba za ngozi. Anagonga kigongo, anagonga ukingo, anasikiliza, anazungusha ngoma kidogo, anagonga tena. Mama mdogo akaninong'oneza, "Huyu fundi seremala au mpigaji?" Klabu yetu ya taarabu kule Pemba tabla ipo miaka yote, inakaa ubavuni mwa dumbaki, na sijapata kuona mtu akiihangaikia hivyo.

Kisha sitari, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, ikaanza peke yake. Raga, yaani mpangilio wa sauti wanaoufuata, waliyochagua ni Yaman, ya mwanzo wa usiku, na kwa sikio la mtu aliyezoea maqam, mipangilio ya Kiarabu, jambo la kwanza utakaloligundua ni sauti ya nne: imepandishwa, haitulii, inakuvuta kwenda juu. Kijana mpiga sitari aliizunguka sauti moja dakika nzima, akiuvuta waya kwa pembeni mpaka ulie. Nyuma yake tanpura ya nyuzi nne ikivuma bila kukoma. Nasema kweli, robo saa ya kwanza nilikuwa nasubiri wimbo uanze. Kumbe ndio wenyewe.

Tabla ilipoingia nikaamka. Pembeni yangu alikaa babu mmoja wa hapohapo Mji Mkongwe, Kiswahili chake cha Unguja kabisa. Akaniona nahesabu vibaya, akanishika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Mapigo kumi na sita. Piga kofi la kwanza, la tano, na la kumi na tatu. La tisa usipige, geuza kiganja tu." Nikamuuliza kwa nini la tisa halipigwi. "Hilo ni khali." Khali! Neno la chuoni hilo, la Kiarabu: tupu. Kumbe ile ngoma nzito ya mkono wa kushoto huondoa mvumo wake pale, na ndipo unapojua uko wapi. Nimepiga na tabla miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuniambia kuna mahali panaachwa wazi makusudi.

Mambo yalipopamba moto, mama mdogo akasimama. Kabla sijamshika buibui keshafika mbele, kiuno kinacheza taratibu, noti ya elfu tano mkononi, anatunza kama yuko harusini. Nilitamani sakafu ipasuke. Wazee wakacheka, "Wah! Wah!", na mpiga sitari akaipokea noti kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso, akaiweka gotini, akaendelea.

Chakula kikaja katikati, bila nyama, maana wenyeji ni Wahindu. Kichri ya mchele na choroko, laini, imemwagiwa samli. Kadhi, yaani mtindi uliopikwa na unga wa dengu, nyepesi na chachu. Mbatata za bizari, ladu, na achari ya embe iliyomfanya mama mdogo asahau alikuja kwa ajili ya muziki. Mimi ningeongeza samaki, lakini hilo ni tatizo langu.

Wakafunga kwa Bhairavi. Babu akaniambia ni raga ya asubuhi, ila kwa desturi ndiyo ya kuagia hata kama ni usiku. Ilipigwa fupi, na hii sikuhitaji kuisubiri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hii kwenda Bombay kurekodi. Nilijiuliza alisikia nini kule jioni, kazi ikiisha.

Mlangoni mwenye nyumba akampa mama mdogo chupa ya achari. Mama mdogo akanipa mimi nipeleke Pemba. Fundi alishamaliza kazi yake, kisanduku kilikuwa na nafasi, nikaitia humo. Mkondo wa Nungwi ukafanya yake. Fidla inalia vizuri, ila wenzangu klabuni wanauliza nani anakula embe.