Moshi wa udi na ile sayari inayovuja

Jana magharibi mamangu alikuwa afukiza udi hapa kwetu Mji wa Kale, chetezo kakiweka dirishani, moshi ukapita mbele ya taa ya jirani na taa yote ikafifia, yaani chetezo chenyewe hakizidi kikombe lakini moshi umetanda dirisha zima. Nikaikumbuka GJ 436b hapo hapo!

Hii ni sayari saizi ya Neptuni hivi, iko kama miaka 30 ya mwanga kutoka kwetu, na imeisogelea nyota yake mno, inaizunguka kwa siku 2 na kitu tu, sasa hewa yake inapata joto mpaka inatoroka. Ikipita mbele ya nyota, kwa mwanga wa kawaida haizibi hata asilimia 1. Lakini 2015 wanasayansi walitoa matokeo ya darubini ya Hubble, ile iliyoko angani, walipima ule mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, unaonyonywa na haidrojeni wakakuta zaidi ya nusu umezibwa, nusu wallahi, na hilo ni wingu la gesi inayovuja, lina na mkia nyuma.

2018 ikaonekana gesi ya heliamu ikitoka sayari nyingine, WASP-107b, nayo mie naipenda zaidi maana hata darubini za huku chini duniani zaweza kuipima.