Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa hisabati Uyole, wiki ya aljebra

Saa 11 alfajiri. Uyole mwezi wa sita hakuna anayeamka kwa hiari. Baridi ya huku Mbeya inaingia mpaka kwenye mfupa, na maji ya ndoo usiyaguse kabla jiko halijawaka. Chai ya tangawizi, sweta mbili, safari.

Saa 1 asubuhi. Mstarini. Mwalimu wa zamu anakagua kucha na mimi nakusanya madaftari ya darasa la saba.

Saa 2. Ofisini, kalamu nyekundu mkononi. Swali la jana lilikuwa jepesi: rahisisha 3x + 5 + x + 3. Jibu ni 4x + 8, basi, weka kalamu chini. Lakini watoto hawaweki kalamu chini. Wengi wamefika 4x + 8, wakaongeza “= 0” kutoka mifukoni mwao, wakahangaika mpaka wakapata x = −2, wakapiga mstari chini yake kwa rula. Wengine wamegawanya kila kitu kwa 4 wakabaki na x + 2.

Mwenzangu wa meza ya jirani anachungulia na kusema watoto wa siku hizi hawajui kukokotoa. Sikubaliani naye. Ukokotoaji wao hauna kasoro. Ila wametatua kitu ambacho hakikuwa na cha kutatuliwa. Wamezoeshwa kwamba wakiiona x, lazima itafutwe kama mbuzi aliyepotea.

Saa 3. Kipindi. Naandika ubaoni 4x + 8, halafu nauliza: “Hii ni kweli au uongo?”

Kimya. Wanatazamana. Kisha binti mmoja wa dawati la nyuma: “Madam, mbona hiyo haijasema kitu?”

Hapo hapo! Naongeza mbele yake = 20. “Na sasa?” Sasa imesema. Inadai kwamba 4x + 8 ni sawa na 20, na dai linaweza kupimwa. Tunaweka x = 1, tunapata 12: uongo. Tunaweka x = 3, tunapata 20: kweli. Kutatua mlinganyo ni huko tu, kuitafuta namba inayolifanya dai liwe kweli. 4x + 8 peke yake ni mtajo. Unaweza kuurahisisha, au kutafuta thamani yake ukipewa x, lakini haudai lolote, hivyo hauna jibu la “x ni ngapi”.

Wale wa kugawanya kwa 4 bado wamekunja nyuso. Nawaambia waweke x = 1 kwenye jibu lao: x + 2 inatoa 3, wakati 4x + 8 inatoa 12. Wameubadilisha mtajo wenyewe. Kwenye mlinganyo ruksa, kwa sababu unagawanya pande zote mbili: 4x + 8 = 20 inakuwa x + 2 = 5, na x inabaki 3 vile vile. Mtajo hauna upande wa pili wa kugawana nao.

Saa 4 na nusu. Uji. Kijana mmoja ananifuata na kikombe chake kuuliza nani aliyeianzisha alama ya sawasawa. Namwambia: Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, mwaka 1557. Alichoka kurudia maneno yale yale, akachora mistari miwili sambamba, kwa maelezo kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mistari yake ilikuwa mirefu kuliko yetu. Natamani angeona inavyotumika huku: 5 + 3 = 8 × 2 = 16. Huyo anayeandika hivyo amesema 8 ni sawa na 16, na hata hajashtuka.

Vipindi vya mchana vya darasa la tano vinapita bila habari.

Saa 10 jioni. Sokoni. Mama wa viazi ananipokea kwa “Ugonile, mwalimu”, na mwanaye, ambaye namfundisha, yuko pembeni anapanga vitunguu. Nachagua sado mbili za viazi na vitunguu vya 1,500, bei ya viazi sijauliza. Namgeukia mtoto: “Andika ninachodaiwa.” Anaandika kwenye kipande cha boksi: 2x + 1,500.

“Haya, x ni ngapi?”

“Bado, madam. Mpaka mama aseme jumla.”

“Elfu saba mia tano,” mama anadakia, “na watu wamepanga foleni, mwalimu.” Mtoto ameshaandika 2x + 1,500 = 7,500. Sado ni 3,000. Nalipa nasogea.

Saa 2 usiku. Andalio la somo la kesho. Maswali manane, na kwa kila moja sitaki wakokotoe kwanza: waandike “mtajo” au “mlinganyo”, kisha waseme kama kuna cha kutatua. Namba 7 ni x + 2 = x + 5, ambayo hakuna namba itakayoifanya kweli. Namba 8 ni 2(x + 3) = 2x + 6, ambayo kila namba inaifanya kweli. Kwa hiyo ya mwisho najiandaa kwa kelele, maana kila mmoja atakuja na x yake na wote watakuwa sahihi.