Ua la London, Herufi Sita

Siku ya nne ya homa ya mafua nilikuwa nimechoka hata kulala. Nilikuwa na miaka 16. Mjomba, aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote, aliingia chumbani na gazeti mkononi, ukurasa wa chemshabongo ukiwa juu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hali siulizi, sauti yako imeshanijibu." Akaniwekea gazeti juu ya blanketi, penseli juu ya gazeti. "Hiki hapa nimekuachia wewe, mpwa wangu."

Kidokezo kilikuwa maneno mawili tu: "London flower". Herufi 6, ya mwisho ikiwa tayari imejazwa: S. Ua, basi. Nilipitia maua yote niliyoyajua kwa Kiingereza, nikahesabu kwa vidole, na lilipokuja "crocus" nilihisi homa imeshuka. Herufi 6, linaishia na S! Nikaandika kwa kukandamiza penseli.

Mjomba alitazama, akauliza kwa upole, "Na London imeingiaje hapo?"

Sikuwa na jibu. Akachukua penseli, akaandika lile neno pembezoni mwa gazeti, kisha akachora kistari kidogo katikati yake: flow/er. Akanyamaza. Nakikumbuka kistari kile kuliko somo lolote nililowahi kukaa darasani kulisikiliza. "Flow" ni kutiririka. Na zile herufi mbili za mwisho hufanya kazi ile ile tunayoifanya sisi tunapochukua kuimba tukapata mwimbaji. Kinachotiririka London ni nini? Mto Thames. Herufi 6, mwisho S.

Nilifuta "crocus" mpaka karatasi ikaota manyoya.

Mjomba alinieleza kwamba watunzi wa mafumbo Uingereza wamelitumia neno hilo kumaanisha mto miaka mingi, na wajuzi wakiliona huanza na mito kabla ya bustani. Jicho ndilo linalodanganywa, kwa sababu kwa sikio ni maneno mawili: la ua hutamkwa "flaua", la mto lingetamkwa "floua". Maandishi yameyafunika yote mawili kwa shuka moja.

Nikataka zaidi. Akaenda kuleta kamusi yake kubwa inayoonyesha asili za maneno, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hapo ndipo nilipopata mshangao wa pili, na huu sijaumaliza hadi leo. Nilikuwa nimeshajitungia nadharia kwamba "flow" na "fluent", yaani msemaji ambaye maneno yanamtoka bila kukwama, ni mtu na ndugu yake. Yanafanana sura, yanafanana na maana. Mjomba akaweka kidole kwenye mstari: "flow" ni la Kiingereza cha Kale, jamaa ya "flood", mafuriko, "fluent" limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini "fluere", kutiririka. Yamekutana tu njiani, kila moja na ukoo wake. Nilibisha. Nilibisha kweli, kana kwamba kamusi imenivunjia heshima.

Kumbe yale nisiyoyadhania ndiyo yaliyokuwa kitu kimoja. "Flower", ua, na "flour", unga, yalikuwa neno moja, lililopitia Kifaransa kutoka Kilatini. Unga uliopepetwa vizuri uliitwa ua la ngano, ile sehemu iliyo bora kuliko zote. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 bado hakuwa ameyatenganisha kwa tahajia. Nilifunga macho nikauona unga mweupe ukidondoka kutoka kwenye chekecheo, na kwa mara ya kwanza nikakubali kwamba ndiyo, ni ua.

"Na ugonjwa wako je?" Mjomba akaniuliza, akifunua kurasa. Influenza: neno la Kiitaliano, lililoingia katika Kiingereza mwaka 1743 pamoja na wimbi la maradhi kutoka Italia. Chimbuko lake ni "fluere" ile ile. Watu wa kale waliamini kuna nguvu inayotiririka kutoka kwenye nyota na kuwashukia binadamu. Nililala pale, pua zinachuruzika, nikiwa nimeshukiwa na nyota.

Alipoinuka kuondoka nilimwomba asubiri. Nilikuwa nimetunga cha kwangu, cha Kiswahili, nyuma ya bahasha ya dawa: "Hulaliwa usiku, huvukwa mchana. Herufi 3."

Alisimama mlangoni, kamusi kwapani, akikunja uso. Kisha macho yake yakashuka hadi chini ya kichwa changu.

"Mto," akasema, akarudi kuketi.