Siku moja maishani mwangu: tone la damu, Malindi

Saa kumi na mbili asubuhi niko stendi natafuta tuktuk, mahamri na mbaazi nishakula, begi lina sindano za kudunga kidole, vipimo vya haraka na karatasi za kukaushia damu. Kazi yangu ni kukusanya sampuli za watoto wenye malaria ili tuone proteini za vimelea vya huku zinabadilika vipi. Watu huniuliza, kwani malaria si ni moja tu? Hapana jamani, na ndio maana naipenda hii kazi.

Saa mbili, zahanati pande za Ganda, benchi zishajaa. Mama mmoja kambeba mtoto wa miaka mitatu, ananiambia, "Dada, huyu akipona leo mwezi ujao tuko hapa tena, ana damu gani huyu?" Nikamwambia mamangu, damu ya mtoto haina kosa. Falciparum, kimelea cha malaria, ikishaingia kwenye chembe nyekundu inatoa nje proteini inaitwa PfEMP1, hiyo ndiyo inaigandisha chembe kwenye kuta za mishipa isipelekwe kwenye wengu ikachujwa, sasa jeni za kutengeneza proteini hiyo ziko kama 60 kwa kimelea kimoja na kinatumia moja moja, mwili ukishaijua hii kinavaa nyingine, kama mtu anayebadili leso kila akifika kona. Kinga inakuja pole pole, homa baada ya homa, na anayeumia ni mtoto. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na neti je?" Neti ndiyo hiyo hiyo mama, alale ndani kila siku.

Saa nne vipimo. Mistari miwili, yule mtoto ana malaria, nesi akampa dawa. Hiki kipimo kinatafuta proteini ya HRP2, na kuna vimelea vimeipoteza jeni yake kabisa, viligunduliwa Peru, baadaye Eritrea vikawa vingi, unapima mtoto anaungua na kipimo kinasema hana. Shirika la Afya Duniani linasema vikisababisha zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa kukosewa, nchi ibadilishe kipimo. Ndio maana hata mwenye mstari mmoja mimi namchukulia tone nikaushe.

Saa saba wali na samaki, haraka haraka.

Saa nane nesi kaniuliza kuhusu chanjo ya malaria. RTS,S ilianza hapa Kenya 2019 kaunti za kando ya Ziwa Victoria, na imetengenezwa kwa kipande cha proteini ya CSP, inayofunika kimelea kinapoingia mwilini, kutoka kimelea kimoja tu, NF54, kilichotolewa kwa mgonjwa aliyekuwa akiishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi! Utafiti uliotoka 2015 uliangalia watoto wa miezi 5 hadi 17: mwaka wa kwanza kinga ilikuwa kama asilimia 50 kwa malaria yenye CSP inayofanana na ya chanjo, na asilimia 33 kwa isiyofanana, na zinazofanana ni chache mno huku Afrika. Mimi naiunga mkono hiyo chanjo moja kwa moja, inaokoa watoto, lakini inayofuata lazima ijue vimelea vya kwetu. Wengine wanakimbilia RH5, proteini ambayo kimelea hakiwezi kuingia kwenye chembe bila hiyo na haibadiliki sana, hapo mimi nina matumaini makubwa.

Saa kumi na moja sampuli zimekauka, nimezifunga kwenye mifuko na vidonge vya kunyonya unyevu, maana joto na unyevu wa Malindi unaharibu DNA.

Saa mbili usiku niko kwenye laptopu na majibu ya AMA1, proteini nyingine ya kimelea inayobadilika sana, ya sampuli za zamani. Mtoto mmoja, tone moja, aina tatu tofauti za AMA1, yaani kaumwa na mbu zaidi ya mmoja au mbu mmoja kambebea mchanganyiko. Vimelea tofauti vikikutana ndani ya mbu vinazaliana na kuchanganya jeni, vinatoka vipya kabisa. Nimeiwekea alama sampuli hiyo, kesho nazipima tena zote za kijiji chake.